Buluu Mbili na Ukuta wa Chokaa

Katika rangi zote ambazo jicho la mwanadamu limejaaliwa kuzipambanua, hakuna zinazomtaabisha mwenye kuchagua rangi ya chumba kama buluu mbili zinazokaribiana, ambazo ukiziona mbalimbali utaapa kuwa ni moja, na ukiziweka bega kwa bega utaona zinakataana kama ndugu wa baba mmoja na mama wawili. Na mtu akisimama mbele yake asubuhi akaichagua hii, jioni hurudi akajuta kwamba hakuichagua ile. Niliyakumbuka haya siku ile mpwa wangu, binti wa dada yangu, alipoazimia kukipaka upya chumba cha ndani katika nyumba ya marehemu babu yetu, nyumba ya mawe na chokaa iliyomo katika kichochoro kimoja cha Mji Mkongwe wa Unguja, akaja kwangu na vifurushi viwili vya unga wa rangi akaniuliza, "Mjomba, ipi bora katika hizi?" Nikazitazama, nikaona tofauti yake ni chembe: moja ilielekea ukijani, ya pili ilielekea urujuani. Lakini swali lile la dakika moja lilinirudisha katika taarikhi ya karne nyingi, kwa kuwa buluu zile mbili hazikuzaliwa mji mmoja, wala hazikutokana na asili moja, wala hazina mapatano mamoja na chokaa.

Kabla ya kuziendea nasaba zake, yafaa tuisikilize lugha yenyewe. Kiswahili kina sifa tatu tu za rangi zinazofuata ngeli za majina, nazo ni -eupe, -eusi na -ekundu. Zilizosalia tumeziazima kwa vitu, kijani kwa jani, kijivu kwa jivu, manjano kwa ule mzizi unaotiwa katika mchuzi, kahawia kwa kahawa, zambarau kwa tunda. Ama buluu, ambayo watu wa pwani tumeishi siku zote baina ya mbili zake, ya mbingu juu na ya bahari chini, majina yake yalitujia kwa tanga: samawati ni neno la Waarabu lenye maana ya mbingu, nili asili yake ni nila ya Kisanskriti, ikapita katika vinywa vya Waajemi na Waarabu, na Wareno nao wakaichukua ikawa anil kwao, na buluu ni ya Waingereza, iliyoshika mizizi majumbani kwa ule unga unaotiwa katika maji ya kusuuzia nguo nyeupe. William Gladstone, yule aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Uingereza, aliandika mwaka 1858 kwamba katika tenzi za Homer buluu haionekani, na baada yake wakatokea wanazuoni waliosema kwamba watu wa kale labda hawakuiona rangi hiyo barabara. Mimi siyakubali maneno hayo hata kidogo, maana baharia wa jahazi hakuhitaji jina la buluu ili ajue, kwa kutazama maji tu, wapi kuna kina na wapi kuna mwamba.

Nili ndiyo buluu kongwe iliyotufikia mkononi, lakini ilitufikia katika nguo na si katika ukuta. Kaniki, kile kitambaa cha pamba kilichotiwa nili hata kikakaribia weusi, kilivaliwa pwani na bara na wanawake wa kazi kwa miaka mingi, na kadiri kilivyofuliwa ndivyo kilivyopauka, kwa tabia ya nili ambayo huachia kidogo kidogo. Mwaka 1897 viwanda vya Ujerumani vikaanza kuuza nili iliyotengenezwa kwa ilimu ya kemia, na katika muda mfupi mashamba ya mnili ya Bengal yakaanguka. Hayo ni masaibu ya watu wengine, nami sitayaingia. Nimeitaja nili kwa sababu wengi hudhani kwamba buluu ya ukutani ni nili ileile, ilhali rangi ya nguo huingia ndani ya uzi na kuushika, bali rangi ya ukuta ni unga wa jiwe au wa madini unaokaa juu ya chokaa ukashikwa nayo, na nili ikiachwa ukutani jua huila.

Tuje sasa kwenye buluu ya kwanza katika zile mbili, ile yenye kuelekea urujuani. Huko Badakhshan, katika milima ambayo leo imo katika nchi ya Afghanistan, kuna machimbo ya jiwe ambalo Waajemi waliliita lajward, na kutokana na neno hilo Waspanyola wakapata azul yao na Wafaransa azur yao. Marco Polo aliyataja machimbo hayo katika karne ya 13, akayasifu kuwa buluu yake ni bora ya duniani. Jiwe hilo lilichukuliwa kwa ngamia na kwa vyombo vya bahari mpaka Venice, na kwa kuwa lilitoka ng'ambo, Wataliani waliuita unga wake oltramarino, yaani wa ng'ambo ya bahari. Lakini kulisaga pekee hakukutosha, kwa kuwa jiwe likisagwa hivihivi hutoa vumbi la kijivu. Cennino Cennini, mchoraji wa Kitaliani aliyeandika kitabu cha ufundi wake kwenye mwaka 1400 hivi, ameeleza jinsi unga ulivyochanganywa na nta na utomvu wa misonobari na mastiki hata ukawa donge kama la unga wa ngano, ukaachwa siku kadhaa, kisha ukakandwa ndani ya maji ya majivu. Buluu safi ikatoka ikazama chini, na taka zikabaki zimenaswa na donge. Mkando wa kwanza ulitoa rangi bora, wa pili hafifu yake, na wa mwisho ulitoa majivu tu yenye kivuli cha buluu. Kwa taabu hiyo bei yake ilishindana na dhahabu. Na Domenico Ghirlandaio alipopatana mwaka 1485 kuchora picha ya kanisa la hospitali ya watoto yatima ya Florence, mkataba ulimlazimisha atie buluu yenye thamani ya florini 4 kwa wakia, ili asije akaleta dhaifu yake. Basi nani angeipaka rangi kama hiyo katika ukuta wa chumba cha kulala?

Buluu ya pili haikutafutwa na mtu. Ilizaliwa Berlin baina ya mwaka 1704 na 1706, mikononi mwa mtengeneza rangi mmoja aliyeitwa Diesbach, ambaye siku hiyo alikusudia kutengeneza nyekundu. Alikuwa na wadudu wa kochinili waliochemshwa, na shabu, na chumvi ya chuma, akapungukiwa na potashi, akaazima kwa Johann Konrad Dippel, mtu aliyejishughulisha na dawa na mafuta ya kutengeneza kwa damu za wanyama. Na potashi ile ilikuwa imekwisha kuingiwa na uchafu wa damu hizo. Alipoitia, badala ya nyekundu ikamtokea buluu nzito kuliko aliyopata kuiona. Kwa muda wa miaka kadiri ya 18 siri hiyo ilifichwa na watu wachache wakaineemekea, mpaka mwaka 1724 John Woodward alipoichapisha London, na tangu hapo kila mwenye tanuri na sufuria aliweza kuitengeneza. Bei yake ilikuwa sehemu ndogo ya bei ya lajward, na nguvu yake ilikuwa kubwa ajabu, chembe moja ikitosha kuipaka samawati rundo zima la unga mweupe. Ikaingia katika picha, ikaingia katika vyumba vya matajiri na baadaye vya watu wa kadiri, na mwisho ikafika Japani, ambako Hokusai aliitumia kwenye mwaka 1831 kulichora wimbi lake kubwa.

Hapo ndipo ulipoanza ule mfanano wenye kuleta taabu. Maadamu rangi za nyumba zilichanganywa kwa mafuta, buluu ya Berlin haikuwa na ila kubwa. Bali ilipopelekwa kwenye kuta za chokaa mbichi, waashi waliona jambo la kusikitisha, kwamba ukuta uliopakwa samawati hubadilika ukawa na umanjano, kisha ukahawia, kana kwamba umemwagiwa maji ya kutu. Na kwa hakika ni kutu yenyewe. Buluu ya Berlin asili yake ni chuma, na chokaa iliyolainishwa kwa maji ina ukali uleule wa magadi na wa maji ya majivu, ukali ambao huivunja buluu hiyo na kukirudisha chuma katika hali yake ya kutu. Ama lajward, yenyewe hustarehe ndani ya chokaa kama samaki ndani ya maji. Adui yake ni asidi, ambayo ikiiangukia huipotezea rangi yote na kutoa harufu ya yai viza. Kwa hiyo rangi mbili ambazo jicho lilikaribia kusema kuwa ni moja, chokaa ilizitenga kama kadhi anavyotenga haki za wagomvi wawili, na hukumu yake haina rufaa.

Na katika taarikhi nzima ya rangi hizi hakuna kisa kinachonifurahisha kama hiki, kwamba ni tanuu la chokaa lenyewe lililotoa ishara ya kwanza ya namna ya kuipata lajward bila ya kwenda Badakhshan. Mwaka 1787 Goethe, mshairi wa Kijerumani, akiwa safarini karibu na Palermo katika kisiwa cha Sicily, aliona mabonge ya buluu yaliyoganda katika kuta za matanuu ya chokaa, na watu wa huko wakiyachonga kwa mapambo mahali pa lajward. Mwaka 1814 likaonekana jambo kama hilo katika tanuri la magadi huko Ufaransa, na mwanachuoni Vauquelin alipolichunguza akakuta linafanana na jiwe la Badakhshan. Mwaka 1824 jumuiya moja ya Paris ya kuhimiza viwanda ikatangaza tuzo ya faranga 6,000 kwa atakayeitengeneza rangi hiyo kwa bei ya chini, na tuzo ikamwangukia mwaka 1828 Jean-Baptiste Guimet, ilhali katika mwaka uleule Christian Gmelin wa Tübingen naye alikuwa ameipata kwa njia yake mwenyewe. Maajabu yake ni unyonge wa vitu vinavyoizaa: udongo mweupe wa kauri, magadi, makaa, na salfa, ile ambayo wazee wetu waliiita kibiriti upele, vyote hivyo huchomwa pamoja kwa moto mkali vikatoka na ukijani, vikachomwa tena kwa kupewa hewa vikawa buluu. Kitu kilichowahi kupimwa kwa dhahabu kikauzwa kwa ratli, kisha kwa gunia. Katikati ya karne ya 19 kampuni ya Reckitt, ya mji wa Hull huko Uingereza, ikaanza kukiuza kama buluu ya kufulia, na kwa njia ya beseni la kufulia lajward ya wafalme ikaingia katika kila nyumba, hata nyumba ambayo bibi wa nyumba hakuwa na kauri moja ya kuweka kidakani.

Nimesema kauri na kidaka kwa kusudi, kwa sababu siwezi kuzungumza juu ya rangi ya chumba cha pwani bila ya kusema kwamba chumba chetu cha asili kilikuwa cheupe. Wazungu huziita buluu na ndugu zake rangi za baridi, kana kwamba baridi inaweza kupakwa kwa burashi. Watu wa Lamu wa karne ya 18 waliijua baridi kwa unene wa ukuta wa matumbawe, kwa uchache wa madirisha, na kwa wembamba wa chumba, ambacho upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko na kwa kawaida haukuzidi mita 3. Ndani, kule mwisho kabisa ambako mwangaza ulifika ukiwa umechoka, ukuta mzima ulichongwa zidaka za lipu ya chokaa, safu juu ya safu, na weupe wake ulikusanya ule mwangaza mdogo ukaurudisha. Buluu ilikuwapo, lakini ilikuwa katika sahani za China zilizowekwa zidakani, kama vile sahani na mabakuli ya namna hiyo yalivyojengewa katika nguzo za makaburi ya Kunduchi na ya Mambrui. Buluu ya kauri hizo ni ya kobalti, na kuna wakati ambapo kobalti hiyo ilichukuliwa kutoka Uajemi ikapelekwa China kuchorea vyombo, ikaja kwetu imekwisha kuwa sahani. Kwa hiyo nayo ni rangi ya safari, kama zile mbili ninazozieleza.

Weupe wa chokaa, walakini, hauna udumifu. Matumbawe huchomwa juu ya rundo la magogo, majivu yake huzimwa kwa maji, chokaa hulazwa shimoni muda mrefu ili ilainike, na ikishapakwa huanza kuvuta hewa ya kaboni na kurudi kidogo kidogo kuwa jiwe kama ilivyokuwa baharini. Lakini chumvi hupanda, moshi wa udi na ubani hushika, taa ya mafuta huacha masizi yake, na baada ya misimu miwili mitatu weupe hugeuka umanjano. Mafundi niliowaona katika utoto wangu wakipaka chokaa kila ukikaribia mwezi wa Ramadhani walikuwa na dawa moja, nayo ni kufunga unga wa buluu ya kufulia ndani ya kitambaa, wakauminya ndani ya pipa la chokaa mpaka maji yake yakaingia kivuli. Hiyo ndiyo sababu hasa ya buluu katika nguo pia, kwamba buluu na manjano huvunjana, na kitu chenye umanjano kikiongezwa buluu kidogo jicho hukiona cheupe zaidi. Kikizidi kidogo, chumba huwa samawati. Hawakusoma habari za Guimet wala za Diesbach, lakini buluu waliyoichagua ilikuwa ndiyo inayoivumilia chokaa, na naamini kwamba waliichagua baada ya kuijaribu nyingine ikawaaibisha.

Ama jicho, yapasa nalo lipewe haki yake, kwa kuwa si kila kosa la kuchagua rangi hufanywa na chokaa. Michel Eugène Chevreul, aliyewekwa mwaka 1824 kuwa msimamizi wa rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins huko Paris, aliletewa malalamiko kwamba nyeusi inayotiwa humo ni dhaifu. Alipoichunguza hakuona ila katika nyeusi yenyewe, bali aliona kwamba rangi zilizofumwa ubavuni mwake ndizo zilizoidhoofisha. Kitabu alichokitoa mwaka 1839 kilieleza jambo ambalo kila mwenye vipande viwili vya buluu mkononi anapaswa kulijua: rangi mbili zinapokutana, kila moja huisukuma mwenziwe upande ulio mbali nayo. Kwa sababu hiyo ile yenye chembe ya ukijani, ikiwekwa karibu na yenye chembe ya urujuani, huonekana kijani zaidi ya ilivyo, na mnunuzi huikataa kwa kosa si lake, ilhali angeipaka peke yake chumba kizima asingeuona ukijani huo hata kidogo. Kabla yake, mwaka 1825, Jan Purkyně wa Bohemia alikuwa ameandika kwamba katika giza la alfajiri nyekundu huingia weusi na buluu hung'aa. Na yeyote aliyekaa barazani baada ya Magharibi anajua kwamba mlango wa samawati ndio wa mwisho kupotea machoni. Kisha huwashwa taa, na umanjano wa taa huzigeuza zote mbili, ile ya Berlin ikasogea kwenye kijani, ile ya lajward ikapoa ikaelekea kijivu.

Haya yote nilimweleza mpwa wangu, naye kwa uvumilivu wa malezi mema aliyasikiliza mpaka mwisho. Alikuwa ameshauriwa na watu anunue rangi ya plastiki ya kopo, nami nikamwonyesha ukuta wa jirani uliopakwa rangi ya namna hiyo juu ya chokaa ya kale, ambao unyevu wake umekosa pa kutokea ukatumbuka malengelenge na kuanguka vipande vipande pamoja na lipu yake. Akakubali kumwita fundi mmoja mzee wa chokaa. Fundi hakuuliza rangi ipi ni bora. Alichanganya chokaa katika ndoo mbili, akatia huku unga wa kifurushi kimoja na huku wa kifurushi cha pili, akapaka nyuma ya mlango madoa mawili sawasawa, kisha akaosha mikono. "Nipe wiki mbili, mwanangu," akamwambia, "na usiyahukumu yakiwa maji, maana chokaa ikikauka hutupa rangi nusu yake."

Siku ya kwanza madoa yote mawili yalikuwa mazito kupita kiasi. Siku ya pili yalikuwa yamepauka, na kwa uzuri wa macho, nasema kweli, ile yenye ukijani ilinivutia mimi kuliko mwenziwe, kwa kuwa ilikuwa na ubichi wa maji ya mkondo wakati bamvua linapojaa. Siku ya nne pembe zake zikaanza kuwa kama chai. Kabla ya kufika Ijumaa ya pili doa zima lilikuwa limegeuka rangi ya kutu, na la lajward lilikuwa vilevile lilivyokauka, samawati tulivu kama mbingu ya saa moja ya asubuhi. Tuliwasha taa tukalitazama usiku, likawa na ukijivu kama nilivyotangulia kusema, na mpwa wangu akasema kwamba ukijivu huo anaupenda.

Chumba kikapakwa mikono mitatu katika siku tisa. Lile doa lililoharibika mpwa wangu alimwambia fundi asilifunike, nalo lipo mpaka leo nyuma ya mlango, kadiri ya kitanga cha mkono, na rangi yake ni ya msumari uliolala mvuani.